SPRINGI HUBEBA, SHOKI HUTULIZA

Simama kando ya barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi, pale Mtwapa au Kilifi, uyatazame magari yanavyovuka matuta. Utayaona ya kila namna. Liko lililoinuliwa nyuma kama panzi anayetaka kuruka. Liko lililoshushwa hata tumbo lake likaparuza tuta. Na liko lile ambalo limekwisha kulivuka tuta, lakini bado linapanda na kushuka kama mashua iliyotiwa nanga kwenye mawimbi. Ukiwauliza wenyewe, wengi watakwambia kuwa wamebadilisha shoki na springi. Ukiwauliza kwa nini walichagua zile na si nyingine, hapo ndipo maneno hukatika.

Jambo hili si dogo. Sisi watu wa pwani gari moja hulitumia kwa kazi kumi. Asubuhi labeba magunia, adhuhuri lapeleka mgonjwa hospitali, jioni lapeleka akina mama arusini pamoja na masufuria yao. Springi na shoki ndizo zinazoamua kama safari hiyo itakuwa ya salama au ya mashaka. Kwa hiyo nimeona yafaa leo tuzungumze, kwa lugha ya kueleweka, jinsi mtu anavyopaswa kuchagua springi na shoki za kununua madukani anapotaka kuliboresha gari lake.

KAZI MBILI, VYOMBO VIWILI

Kwanza yatupasa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Springi, ambayo wazee wetu waliiita kamani kama ile ya saa, kazi yake ni kubeba uzito wa gari. Gurudumu likipanda jiwe, springi hujibana; likishuka, hujinyoosha. Tangu mwaka 1678 mtaalamu wa Kiingereza, Robert Hooke, alikwisha kuandika kuwa kadiri unavyoivuta springi kwa nguvu zaidi, ndivyo inavyorefuka zaidi, kwa kipimo kile kile. Ukiikandamiza, hesabu ni hiyo hiyo. Mpaka leo watengenezaji wote wa springi hufuata kanuni hiyo.

Lakini springi ina tabia moja mbaya: haijui kutulia. Ukiibana na kuiachia, huruka, hurudi, huruka tena. Gari lenye springi peke yake lingeruka-ruka baada ya kila shimo, na gurudumu linaporuka halishiki barabara. Gurudumu lisiloshika barabara halifungi breki wala halikati kona. Ndipo ikaundwa shokomzoba, ambayo vijana wa gereji wameifupisha wakaiita shoki. Ndani yake mna pistoni inayopita katika mafuta mazito kupitia vitundu na vali ndogo ndogo. Ule mrusho wa springi hulazimika kuyasukuma mafuta hayo, na nguvu yake ikageuka kuwa joto. Ukiigusa shoki baada ya safari ndefu ya barabara mbovu utaikuta ni ya moto.

Basi lishike neno hili: springi hubeba, shoki hutuliza. Gari likilala nyuma kwa mzigo, hata ukinunua shoki za kawaida zilizo ghali kupita zote, halitainuka ipasavyo. Na gari likiyumba-yumba baada ya tuta, hata ukitia springi ngumu kama jiwe, halitatulia. Huenda hata likazidi.

KISA CHA PIKAPU YA SAMAKI

Nina shemeji yangu mchuuzi wa samaki. Ana pikapu ya Toyota Hilux ya milango minne, ya ule mfano ulioanza kutengenezwa mwaka 2004. Mbele ina springi za koili, na nyuma ina springi za mabapa, yaani vile vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mara tatu kwa wiki hubeba samaki na barafu kutoka Malindi hadi Mombasa. Siku nyingine gari hilo hilo hubeba watu: arusini, mazikoni, na kila mwaka, Mungu akijaalia, katika safari ya Maulidi ya Lamu, ambapo huliacha Mokowe wakavuka kwa boti.

Mabapa ya nyuma yalikuwa yamechoka, yamenyooka kama rula. Shoki za nyuma zilikuwa zikivuja mafuta. Mama yake, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, alikuwa amekwisha kusema wazi: “Mwanangu, gari lako lanivunja mgongo. Mimi Lamu nitakwenda kwa basi.” Kwa mtoto wa kiume wa kwetu, maneno hayo ni mazito kuliko mzigo wa samaki.

Shemeji alikuwa ameweka akiba ya msimu mzima wa kaskazi, na kila aliyemwendea alimpa rai yake. Muuza spea alimshauri anunue mabapa mapya ya kubeba kilo 500 daima. Fundi wa gereji alimwambia aongeze bapa moja kila upande, basi. Kijana mmoja alimshauri aliinue gari kwa vipande vya chuma na kutia magurudumu makubwa, ili “lionekane”. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Miye si makanika, ila nimekaa magerejini miaka mingi nikiuliza maswali, na shemeji akanitaka rai. Nilimwuliza jambo moja tu: “Shemeji, gari lako hubeba kilo ngapi?” Akajibu, “Si chini ya kilo 700.” Nikamwuliza kama alipata kulipima. Akacheka.

PIMA KWANZA

Hilo ndilo jambo la mwanzo kwa kila anayetaka kununua springi. Usikisie. Tafuta mizani ya malori, upime gari likiwa tupu, kisha upime likiwa na mzigo wa siku ya kawaida. Lipime zima, halafu upime magurudumu ya nyuma peke yake. Shemeji alipokwenda kupima, mzigo wake wa samaki, barafu na makasha ulikuwa kilo 390. Zile 700 zilikuwa za mdomoni tu.

Tena tukahesabu siku zake. Kila safari ya kwenda Mombasa na mzigo ina safari ya kurudi bila mzigo. Ukiongeza na siku za kubeba watu, gari lake lilikuwa tupu au karibu tupu kwa zaidi ya nusu ya mwendo wake. Mabapa ya kilo 500 daima yametengenezewa mtu ambaye mzigo wake haushuki garini kamwe, kama vile gari lililojengewa sanduku la vifaa vya ufundi. Kampuni ziuzazo springi hizi, mathalan Old Man Emu ya Australia, hutoa springi za gari moja kwa madaraja mbalimbali ya uzito: za mzigo mwepesi, za wastani na za mzigo wa kudumu. Madaraja hayo hayakuwekwa kama pambo. Mnunuzi anapaswa kuchagua daraja lake kwa namba za mizani, na wala si kwa fahari.

HESABU YA SPRINGI

Nitatoa mfano mwepesi. Tuseme kila springi ya nyuma yahitaji kilo 40 ili ishuke sentimita moja. Ziko mbili, kwa hiyo kilo 80 zitalishusha gari sentimita moja. Ukipakia kilo 400 sawasawa juu ya ekseli, gari litashuka sentimita 5. Sasa badili utie springi za kilo 60 kwa sentimita. Mzigo ule ule utalishusha gari sentimita 3 na kidogo. Huo ndio uzuri wake.

Ubaya wake huonekana mzigo unaposhushwa. Springi iliyopangiwa uzito mkubwa ikiwa haina kitu juu yake hukataa kujibana. Kila jiwe na kila ufa wa lami hupitishwa moja kwa moja hadi kwenye kiti. Mgongo wa mama ndio unaokuwa springi. Zaidi ya hayo, nyuma ya gari hurukaruka juu ya barabara yenye mikunjo, na mvua ikinyesha huteleza upesi.

Fahamu pia kwamba katika springi ya koili unene wa waya una nguvu ya ajabu. Ukiuongeza unene kwa sehemu 10 katika 100 tu, ugumu wa springi huongezeka kwa karibu sehemu 46 katika 100. Ndiyo maana springi mbili zinaweza kufanana machoni dukani, moja ikakufaa na nyingine ikakutesa. Muulize muuzaji namba ya springi na daraja lake la uzito. Asipokuwa na jibu, hana bidhaa ya kukuuzia.

Kuhusu rai ya kuongeza bapa moja, si rai ya kudharauliwa, imewaokoa wengi. Lakini bapa jipya likipangwa pamoja na mabapa yaliyochoka, lile jipya hubeba zaidi ya fungu lake, na yale ya zamani yanaendelea kulala. Kama mabapa yako bado yana mkunjo wake mzuri na wataka nyongeza kidogo, hapo bapa la ziada lina maana. Kama yamenyooka, ni kutia kiraka kwenye nguo iliyooza.

Na neno moja la kusisitiza: springi nzito haziongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Uzito huo umewekwa na mtengenezaji kwa kuangalia chesisi, ekseli, breki na matairi pia. Ukibadilisha springi tu, gari halitalala, lakini breki ni zile zile. Gari lililopakiwa kupita kiasi likionekana limesimama wima ni la hatari zaidi kuliko lililolala, kwa sababu lile la pili angalau humwonya dereva.

SHOKI ZA NAMNA GANI?

Ukishachagua springi, ndipo uchague shoki ya kuiongoza. Springi ngumu yahitaji shoki yenye nguvu zaidi, hasa wakati wa kujinyoosha. Shoki dhaifu kwenye springi ngumu itashindwa kuizuia. Shoki kali mno kwenye springi laini itazuia gurudumu lisishuke upesi shimoni, na gari litakwenda likijikunyata. Kwa sababu hiyo, ukiweza, nunua springi na shoki zilizopangwa pamoja na mtengenezaji mmoja.

Kwa ujumla shoki ni za aina mbili. Ya kwanza ina bomba mbili, moja ndani ya nyingine. Hii ndiyo ya magari mengi ya kawaida, na bei yake ni nafuu. Katika barabara ya changarawe yenye mikunjo, pistoni hupanda na kushuka kwa kasi sana, mafuta hupata moto, na yakichanganyika na hewa huanza kutoa povu. Povu halina ukinzani, na shoki hulegea katikati ya safari. Ili kupunguza povu hilo, siku hizi shoki nyingi za bomba mbili hutiwa gesi ya naitrojeni kwa mkandamizo mdogo.

Aina ya pili ina bomba moja nene, na gesi ya mkandamizo mkubwa ambayo imetengwa na mafuta kwa pistoni nyingine inayoelea. Asili yake ni kazi ya mhandisi wa Kifaransa, Christian Bourcier de Carbon, na kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikaitengeneza kwa ajili ya magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Shoki hii hupoa upesi zaidi kwa kuwa mafuta yake yamekaribiana na hewa ya nje. Dosari yake ni kuwa jiwe likiruka na kulibonyeza bomba lile, pistoni hukwama, na shoki imekufa. Ile ya bomba mbili huweza kuvumilia mbonyeo mdogo.

Zipo na shoki za kurekebishwa, ambazo ugumu wake unaweza kuongezwa. Koni ya Uholanzi, kampuni iliyoanza mwaka 1857 kwa vifaa vya farasi, imejulikana sana kwa shoki za namna hiyo. Wajapani nao wana KYB, ambayo chanzo chake ni karakana aliyoianzisha Shiro Kayaba mwaka 1919. Sitaji majina haya ili kuwafanyia biashara wenyewe. Nayataja ili msomaji ajue kuwa kila moja ina aina nyingi ndani yake, na jina la kampuni peke yake halitoshi kuchagulia.

Pima urefu pia. Ukiliinua gari kwa springi ndefu na kuziacha shoki fupi za zamani, gurudumu likishuka shimoni shoki hufika mwisho wake kabla ya springi, ikawa ndiyo kamba inayolizuia gurudumu. Kwa kazi hiyo haikuundwa, itakatika vichwa. Ikiwa ndefu mno, gari likizama itagonga chini kabla ya kuufikia mpira wa kuzuia mgongano.

FUNZO LA SAFARI

Wako wanaoamini kuwa gari la barabara mbaya lazima liwe gumu. Wazee watakumbuka mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, ambayo katika zama zile yalikuwa yakishuka mpaka huku pwani. Joginder Singh aliyashinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975, na mwaka 1978 ikashinda tena. Na 504, kama anavyojua kila aliyewahi kupanda teksi yake, haikuwa gari gumu. Springi zake zilikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na shoki zake ziliifuata vizuri. Ilikuwa ikilimeza shimo badala ya kupigana nalo.

Katika mashindano kama yale gari linalogonga mwisho wa springi zake huvunjika, na lenye shoki zilizochemka humtoka dereva mikononi. Nafasi ya kutembea na uwezo wa kustahimili joto ndivyo vitu viwili ambavyo mtu wa barabara za Hola au Lunga Lunga anapaswa kuvinunua. Ugumu uje baadaye, na kwa kiasi cha mzigo.

HATARI ZA KUINUA NA KUKATA

Vijana wetu wanapenda kuinua magari, na wengine kuyashusha. Sina ugomvi na mapenzi ya mtu, lakini yapo mambo ya kujua.

Anayekata springi ya koili ili kulishusha gari hapunguzi urefu tu, anaongeza ugumu. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiikata mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa sehemu 20 katika 100. Juu ya hayo ncha iliyokatwa haikai vizuri katika kiti chake, na gurudumu likining'inia springi yaweza kuhama mahali pake. Mtu akitaka gari lililo chini, na anunue springi fupi zilizotengenezwa hivyo.

Anayeliinua gari huyainua na maungo yake. Shafti za magurudumu ya mbele huwa katika pembe kali, na vichwa vyake huisha mapema. Mipira ya breki huvutika. Taa huwapiga machoni wanaokuja mbele. Gari huwa jepesi kupinduka. Kwa gari la kawaida la familia, sentimita 3 au 4 zinatosha kulivusha matuta. Zaidi ya hapo mtu ajiulize analitafuta nini.

Tena liko jambo ambalo wenye pikapu wengi hawalijui. Pikapu nyingi, na hiyo Hilux mojawapo, zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Vali hii huutambua mzigo kwa kuangalia jinsi gari lilivyolala. Likilala, huongeza nguvu ya breki za nyuma. Likiwa juu, huipunguza ili magurudumu yasijifunge. Sasa wewe ukitia springi za kuliinua gari na kuisahau fimbo hiyo, vali itadhani gari ni tupu hata likiwa na mzigo tele. Breki za nyuma zitafanya kazi nusu. Mzigo wa watu na samaki utasimamishwa na magurudumu ya mbele peke yake. Fundi anayebadilisha mabapa bila kuirekebisha vali hiyo hajamaliza kazi.

CHUMVI YETU

Sisi wa pwani tuna adui ambaye watu wa bara hawamjui sana, naye ni chumvi. Upepo wa bahari una chumvi, na maji yanayochuruzika kutoka makasha ya samaki yana chumvi zaidi. Huingia kati ya bapa na bapa, ikalila chuma kimyakimya. Springi ya koili ikichubuka rangi pale inapokaa, kutu huanzia hapo, na siku moja huvunjika. Fimbo ing'aayo ya shoki ikipata vidoa vya kutu hukata mpira wa kuzuia mafuta, na shoki huanza kuvuja.

Dawa ni rahisi. Osha uvungu wa gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya kubeba samaki. Kama unachagua kati ya springi mbili, chagua ile iliyopakwa rangi nzuri na nzito. Vifuniko vya vumbi vya shoki visitupwe, ijapokuwa fundi atakwambia havina kazi.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Usikimbilie dukani kabla ya kuchunguza. Kelele nyingi zinazosingiziwa shoki hutoka kwenye bushi zilizokwisha au matairi yaliyojazwa upepo kupita kiasi. Bushi chache za mpira zaweza kukurudishia raha ya gari kwa bei ndogo sana. Ukiona mafuta yanachuruzika mwilini mwa shoki, au tairi limelika kwa mabaka mabaka, au gari haliachi kuyumba baada ya tuta, hapo shoki imekwisha. Shoki hubadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto, wala si moja.

Na madukani kuna ghushi. Ziko shoki kuukuu zinazosafishwa na kupakwa rangi zikauzwa kama mpya, na ziko zilizobandikwa majina ya kampuni kubwa bila haki. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Isukume fimbo ya shoki ya bomba mbili mara kadhaa ikiwa imesimama wima: yapaswa kwenda kwa uzito ulio sawa, bila kuruka mahali. Tazama kama namba iliyochapwa juu yake yalingana na ya kwenye boksi. Dai risiti. Rahisi haihalisi.

Kazi ya kufunga nayo ina adabu yake. Springi ya koili iliyobanwa ina nguvu ya kumuua mtu. Ifanywe na fundi mwenye kibano madhubuti, si kwa kamba na nyundo. Yubolti za mabapa zitiwe mpya, na zikazwe tena baada ya kilomita mia chache. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa linaning'inia juu ya jeki, la sivyo mpira husokoteka na kuchanika mapema. Mwisho magurudumu yapangwe upya, kazi ambayo mafundi huiita alaimenti, na kampuni ya bima ielezwe kama gari limebadilishwa umbo.

ALICHOCHAGUA SHEMEJI

Shemeji aliacha mabapa ya kilo 500, akanunua ya daraja la wastani, yanayofaa mzigo wa kilo 300 hivi unaopanda na kushuka. Shoki alichukua za bomba mbili zenye gesi, zilizopangwa na springi hizo, kwa kuwa njia zake nyingi ni lami na anaogopa mawe ya njia za mashambani. Mbele alibadilisha shoki na bushi tu, springi akaziacha kwa sababu zilikuwa zima. Vali ya breki ikarekebishwa mbele ya macho yake. Fedha zilizobaki alinunua matairi mawili.

Siku ya mzigo kamili gari bado hulala kidogo nyuma. Nilimshauri asogeze makasha mazito mbele, karibu na kebini, kwani mzigo ulio nyuma ya ekseli hulemea kama mtu aliyekaa ncha ya ubao. Alipofanya hivyo likainuka kiasi cha kumridhisha. Muuza spea alinuna kwa kukosa biashara kubwa, na yule kijana wa kuinua magari bado husema pikapu ile haina sura. Mama alipakiwa kiti cha mbele hadi Kilifi na kurudi kwa majaribio. Aliposhuka hakusema neno la sifa. Alisema tu, “Lamu tutaondoka siku gani?”

Usione vyaelea, vimeundwa. Wajenzi wa majahazi yetu hawakuchonga mbavu za chombo kabla ya kuuliza kitabeba nini na kitakwenda bahari gani. Mwenye gari naye ajiulize hayo mawili, mzigo wangu ni kilo ngapi na njia yangu ni ipi, kisha aingie dukani. Nafsi za watu walioketi ndani ya gari ni amana mikononi mwa dereva, na amana hubebwa kwa kipimo.